Siku Nyani Walipopanda Dungu

Enzi zetu huku Kikoneni, mtoto hakuulizwa akikua atakuwa nani. Aliulizwa leo zamu ya dungu ni ya nani. Wenzangu mliozaliwa kabla ya uhuru mnajua ninachosema. Kwa vijana wanaoyajua mahindi yakiwa unga ndani ya pakiti, nieleze kidogo: dungu ni kijumba cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, chenye paa la makuti na ngazi ya fito, na aliyekaa juu yake kazi yake ilikuwa kuwatazama nyani na ndege wasile jasho la watu.

Mimi na Bakari tulikuwa na dungu moja. Bakari ndiye yule askari ambaye mwaka huu jina lake limeandikwa kwenye jengo jipya la shule yetu ya msingi. Wakati ninaousema alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, mwenye magoti ya majivu na kaptura iliyofungwa kwa kamba ya mkonge. Shamba lilikuwa la mjomba wangu, Mzee Rashidi. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na kishamba cha mama yake Bakari, Bi Mwanahamisi, mjane mwenye watoto wawili, Bakari na Mishi, na huyo Mishi alikuwa bado anabebwa mgongoni. Dungu letu liliyatazama mashamba yote mawili, ndiyo maana tukapeana zamu.

Nikifumba macho nasikia harufu yake: makuti yaliyonyeshewa, moshi wa moto mdogo tuliouwasha chini kuchomea muhogo, na mahindi mabichi yanapoanza kutoa ndevu. Juu tulikuwa na debe bovu la kupiga, kombeo, na rundo la madonge ya udongo tuliyoyakausha juani. Asubuhi tulikwenda chuoni kusoma Kurani, tukakaa mkekani na mbao zetu tulizoziandika kwa wino wa masizi, na mwalimu alikuwa na kiboko kirefu kilichomfikia mtoto wa mstari wa nyuma bila yeye mwenyewe kuinuka. Tulicheza kibe, kujificha na kutafutana, mpaka tukaitwa kwa majina ya baba zetu. Tulicheza korosho, ukizipanga mstari na kuzilenga kwa korosho kubwa moja, na aliyeshinda alikwenda kuzichoma, akarudi na midomo iliyobabuka kwa utomvu akiwa na furaha kama bwana harusi. Wajukuu zangu wa Ukunda wakija huku huchezea simu, na wakimwona jongoo wanapanda juu ya kiti.

Nyani tuliwajua mmoja mmoja. Mkubwa wao tulimwita Bwana Shamba, kwa sababu alipita kati ya mistari ya mahindi polepole, akagusa hindi hili, akaliacha, akagusa lile, kama yule ofisa wa kilimo aliyekuja na kofia yake kutuambia mimea yetu imepandwa vibaya. Tofauti ni kwamba ofisa alikwenda zake bila kula.

Dungu lilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ilikuwa nzito kuliko fimbo. Hushuki mpaka mwenzako ameshika ngazi. Anayekuja hushika ngazi kwa mikono miwili na kusema, "Nimeshika." Wewe uliye juu hujibu, "Nimekuachia." Maneno hayo yakishasemwa, chochote kitakacholiwa ni juu ya aliyeshika. Kabla ya kusemwa ni juu yako, hata kama unaumwa, hata kama unaitwa na mama yako mzazi. Watu wazima waliichukulia sheria hii kwa uzito, kwa sababu shamba lililoliwa na nyani mchana mmoja lilikuwa ni njaa ya miezi.

Kwetu Wadigo, zamani zile, mtoto alikuwa wa mjomba kabla ya kuwa wa baba. Mjomba ndiye aliyekulisha ukikosa, akakuoza, na akitaka alikupeleka shule. Mzee Rashidi alikuwa amekwisha tangaza kwamba katika watoto wa dada zake atamsomesha mmoja tu, na alikuwa akinitazama mimi. Lakini alikuwa mtu wa kupima. Alisema, "Mtu asiyeweza kulinda mahindi, akili ya kulinda kitabu ataitoa wapi?" Nililisikia neno hilo mara nyingi. Bakari naye alilisikia, kwa sababu mjomba hakuwa mtu wa kunong'ona.

Siku hiyo mahindi ya masika yalikuwa yamekaza punje. Bakari alilinda asubuhi, akawafukuza Bwana Shamba na jamaa zake mpaka msituni. Adhuhuri nilishika ngazi, akaniachia, akaenda kwao. Zamu yangu ilikuwa mpaka alasiri.

Nyuma ya kilima palikuwa na harusi. Upepo ukageuka, ukaja na pilau. Wenzangu mnajua pilau ya harusi ya enzi zile, iliyopikwa kwa kuni kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kulala ndani yake, vitunguu vimekaangwa mpaka vimekuwa vyeusi, bizari imepondwa asubuhi ile ile. Sisi nyumbani tulikula wari, huo ugali wetu, na mboga chungu ya mchunga siku sita katika saba. Nilivumilia. Nilipiga debe nisisikie harufu, kana kwamba harufu husikiwa kwa masikio. Kisha nikajiambia kwamba nyani wamefukuzwa asubuhi na hawatarudi upesi, nitakula matonge machache na kurudi kabla hata kivuli hakijageuka.

Nikashuka. Hapakuwa na mtu aliyeshika ngazi.

Nilikula sinia moja na watoto watano, na nilikula kama mtu aliyefunga mwezi mzima. Baada ya pilau ikaja ngoma ya chakacha, na baada ya chakacha nikajikuta nasubiri halua.

Bakari alikuja shambani kabla ya zamu yake. Mama yake alikuwa amemtuma aniletee muhogo wa nazi, kwa kuwa alijua nimekaa juu na njaa. Alikuta ngazi haina mtu, dungu halina mtu, na mashamba yote mawili yamejaa nyani. Mtu mzima mwenye panga hufikiri mara mbili mbele ya kundi la nyani. Yule mtoto aliweka bakuli chini, akaokota fito, akaingia. Watu waliotoka harusini waliomwona kutoka njia ya juu walisema alikuwa akikimbia huku na huku kati ya mahindi akipiga kelele, na damu inamtiririka mkononi, kwa maana nyani mmoja alikuwa amemrarua. Na juu ya dungu, chini ya makuti, alikuwa ameketi Bwana Shamba na hindi mkononi, anatazama kama mwenye shamba.

Wakacheka. Ilikuwa ni kitu cha kuchekesha, kwa mtu asiyejua.

Mjomba alipofika, nami nilikuwa nimerudi mbio, mafuta ya pilau bado yako kwenye vidole. Akauliza, "Nani alikuwa juu?"

Nilijibu kabla sijafikiri. "Bakari. Nilimwachia. Alishika ngazi."

Mjomba akamgeukia. "Bakari, ulishika ngazi?"

Bakari alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, na ndilo jambo ambalo mpaka leo sijaweza kulisahau. Alinitazama kama mtu anayepiga hesabu. Kisha akasema, "Nilishika, mjomba."

Alichapwa sita pale pale, mkono ukiwa bado unatoka damu. Kwao mama yake alimwongeza. Kesho yake asubuhi Bi Mwanahamisi alivuka kijito na vikapu viwili vya mahindi aliyoyaokoa shambani kwake, kimoja kichwani na kimoja kwenye nyonga, akaviweka mlangoni kwa mjomba kwa sababu mtoto wake ndiye aliyeshika ngazi. Mahindi yale tuliyasaga. Niliyala.

Jioni ya siku ile ya nyani watoto walikuwa wameshatunga wimbo. Mmoja anauliza, "Nani kashuka?" Wote wanajibu, "Bakari." "Nani kapanda?" "Nyani." Wimbo ulipendwa mpaka ukafika vijiji vya jirani, Mwananyamala na Majoreni. Tangu siku hiyo hakuitwa Bakari, aliitwa Kashuka. Tukicheza korosho hakuna aliyemwachia mali yake ashike. Chuoni mwalimu alipofika kwenye habari ya amana, alimnyooshea kiboko. Alipokua akaomba kuchunga ng'ombe wa tajiri mmoja wa Lunga Lunga, akaambiwa, "Wewe si ndiye yule wa nyani?" Na mimi nikapelekwa shule. Nilivaa viatu. Nilipanda mpaka sekondari, nikajifunza kuandika insha juu ya ukweli, nikapata alama nzuri.

Miaka baadaye, nikiwa nyumbani kwa likizo, askari walikuja kuchukua vijana kwenye uwanja wa Msambweni. Walipima vifua, wakatazama meno, wakakimbiza watu mpaka wakatapika. Bakari alikimbia kama hakuna aliyemkimbiza. Jioni kabla ya kuondoka alipita kuniaga, amevaa shati jeupe la kuazima.

"Unakwenda kweli?" nikamwuliza.

"Nakwenda. Kule hawaujui wimbo wenu. Nitaitwa kwa namba." Akacheka.

Nikasema, "Bakari, ile siku..."

"Ile siku ulikula pilau?"

"Nilikula."

"Ilikuwa na nyama?"

"Ilikuwa nayo."

"Basi afadhali. Ningechapwa kwa ajili ya mchuzi mtupu ningekasirika."

Nikamwuliza kwa nini alikubali. Akajikuna kovu lake. "Wewe ulikuwa na mjomba wa kukupeleka shule. Mimi nisingepelekwa hata kama nyani wote wangekufa. Ningesema kweli, tungebaki wajinga wawili. Kijiji kidogo hiki, wajinga wawili wa nini?"

Nilimwahidi nitasema. Akasema, "Utasema ukiweza," akanipa mkono, akaenda. Sikumwona tena.

Aliuawa kaskazini, katika vita vya mpakani vya miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru. Alizikwa huko huko. Hapa tulimsalia ghaibu msikitini, sala ya maiti asiyekuwepo. Baada ya miezi kadhaa likaja gari la jeshi, akashuka ofisa mmoja aliyevaa vizuri, mpole, akakaa barazani kwa Bi Mwanahamisi na kisanduku kidogo magotini. Baraza lilijaa. Mjomba alikuwepo, nami nilikuwa nimekaa karibu naye, mimi msomi wa mtaa.

Ofisa alieleza kwamba kikosi chao kilishambuliwa kwenye mto mkavu. Majeruhi walikuwa wengi, ikabidi mtu abaki na bunduki juu ya mawe ili wenzake wawabebe. Bakari alibaki. Aliitwa mara mbili arudi nyuma, akajibu kwamba bado kuna mtu hajavuka. Wa mwisho alipovuka, yeye hakuwahi kuvuka. Watu wanane waliishi. Kwa ajili hiyo serikali ilimpa nishani ya ushujaa, na ofisa akaitoa kisandukuni, akamwekea mama yake kiganjani.

Bi Mwanahamisi aliifumbia vidole. Kisha akamwambia mjomba, "Mzee Rashidi, mwanangu ameifuta ile aibu?"

Mjomba akasema, "Ameifuta, dada."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na elimu, nilikuwa na ndevu. Neno lilikuwa moja tu: hakuwa na aibu ya kufuta. Niliinua kikombe cha kahawa nikanywa. Bi Mwanahamisi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa akiamini kwamba mwanawe alikwenda vitani kulipa deni la nyani.

Mwaka huu mwalimu mkuu, Mwalimu Mutua, alikuja kwangu. Ni mtu wa bara, mchapakazi, watoto wanampenda. Akaniambia, "Mzee, wewe pekee ndiye umebaki wa rika lake. Siku ya kufungua jengo utaongea. Hiyo stori ya nyani itawafaa watoto sana. Mtu alianza mwoga, akamaliza shujaa. Tayari nimeiandika kwa kibao."

Nikamwomba anisomee. Akasoma: kwamba Bakari, aliyeacha zamu yake utotoni, alijifunza kutoiacha alipokuwa mtu mzima. Maneno yalikuwa mazuri. Yangechongwa, yangekaa miaka mia, na kila mtoto wa Kikoneni angejifunza uongo wangu kama mfano mwema.

Nilikwenda kwanza Msambweni kwa Mishi, dada yake, sasa bibi mwenye vitukuu. Nilimkuta anachambua kunde kwenye ungo. Tulisalimiana, tukaulizana hali za nyumbani kama desturi, nikamwambia yote, tangu harufu ya pilau mpaka kikombe cha kahawa. Hakuinua uso. Nilipomaliza alitoa kunde mbovu tatu akazitupa.

"Mimi nimekua naitwa dada wa Kashuka," alisema. "Nimeolewa hivyo. Sawa, hilo nimelizoea. Lakini mama, kila Ijumaa baada ya kusoma Yasini, alimwombea kaka maghufira. Alisema, Mola msamehe mwanangu kwa lile la dungu, alikuwa mtoto. Kila Ijumaa mpaka anakufa. Sasa niambie, kaka Suleimani, dua zile zilikwenda kwa nani?"

Niliokota kunde moja iliyoanguka, nikairudisha ungoni.

"Labda ndizo zilizokufikisha umri huu," akasema.

"Nisamehe, Mishi."

"Mimi sikuchapwa. Wala sikubeba vikapu. Waliochapwa na waliobeba hawapo. Nenda ukaseme pale jina lake litakaposemwa. Na usiseme kwa mafumbo, maana nyinyi mliosoma mna mafumbo."

Nilisema. Nilisimama mbele ya watoto, wazazi, na wageni waliotoka Kwale kwa magari, nikasema kwamba aliyeacha zamu ni mimi, na Bakari alikuwa shujaa akiwa na miaka kumi na fito mkononi, na kwamba hata siku ofisa alipoleta nishani nilinyamaza. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu, na kabla ya alasiri mjukuu wangu akanipigia kutoka Ukunda, "Babu, uko kwa simu za watu wote, umefanya nini?" Ndiyo zama zao. Sisi tulificha hata yaliyostahili kusemwa, wao wanasema hata waliyokula asubuhi. Nilikuwa nikiwacheka kwa hilo. Siku hizi siwacheki sana.

Msichana mmoja wa darasa la sita aliinua mkono. "Babu, mbona hukusema siku ile ofisa alikuja?"

"Niliogopa," nikamjibu.

"Ulimwogopa nani?"

Mjomba wakati ule alikuwa mzee wa kushikwa mkono, fimbo yenyewe hangeweza kuiinua. Shule nilikuwa nimemaliza. Hapakuwa na kitu cha kuogopa. Nilimwambia msichana yule kwamba sijui, na hilo lilikuwa kweli. Mwalimu Mutua alikiondoa kibao, akaandika kipya chenye jina la Bakari, nishani yake na wale wanane waliovuka. Mishi alikuwepo. Aliisikiliza hotuba yangu mpaka mwisho, akaondoka kabla ya chakula. Tangu siku hiyo tukikutana ananijibu salamu, lakini hajaniita tena kaka.

Enzi zetu tulifundishwa kufunga mdomo, tukaambiwa hiyo ndiyo adabu. Bakari aliufunga wake kwa ajili yangu, mimi nikaufunga wangu kwa ajili yangu pia, na kijiji kizima kikatuona tuna adabu sawa. Madungu hayapo tena. Mashamba mengi yamekuwa viwanja, na nyani wanakula kwenye majalala ya hoteli za Diani. Watu wa rika langu wakikutana husikitika kwamba zamani kulikuwa na fimbo, ndiyo maana watu walinyooka. Nami nasikitika, ila kwa sababu nyingine. Zamani zile mkosaji alikuwa na mkubwa wake wa kumwambia lala chini, akachapwa, akainuka, yakaisha. Leo wakubwa wangu wote wako chini ya mchanga. Nikipita mbele ya jengo lile watoto wanasimama na kuniambia shikamoo babu, ninaitikia marahaba, na katika Kikoneni yote hakuna hata mmoja aliyebaki mwenye umri wa kunichapa.